Motokaa Ikinguruma, Tundu li Wapi?

Huko Olkaria, karibu na Naivasha, visima vya mvuke vikijaribiwa hunguruma sana, hata mafundi huviwekea vyombo vya kupunguza kelele. Motokaa nayo ina chombo chake, yaani sailensa, na kikitoboka majirani wote hujua.

Mwenye gari asikimbilie kununua sailensa mpya. Na achunguze asubuhi, bomba likiwa baridi, gari likiwa uwanjani. Kamwe si bandani, maana moshi wake una sumu ileile isiyo na harufu itokayo katika jiko la makaa, ambayo imekwisha kuua watu wengi usingizini. Injini ikiwashwa, mlio wa ta-ta-ta karibu nayo ni dalili ya gasketi iliyoungua. Mngurumo mzito chini ya sakafu ni tundu la bomba au sailensa. Masizi huonyesha mahali penyewe.

Kisha injini izimwe, bomba lipoe, na gari liegemezwe juu ya stendi imara, si jeki peke yake. Tundu dogo husuguliwa kwa brashi ya waya, huzibwa kwa dawa yake na kufungwa bendeji isiyoungua. Lakini sailensa iliyoliwa na kutu toka ndani, kwa sababu ya maji yabakiayo humo katika safari fupi fupi, haizibiki. Bisibisi huipenya kama karatasi, hiyo ibadilishwe.