Signal ilipoacha SMS: onyo la mapema linasaidia nini?

Wengi wetu hapa Bukavu, kuanzia Kadutu mpaka Ibanda, tangazo likitokea kwenye simu tunabonyeza tu bila kusoma. Kumbe siku nyingine linatuonya kwamba kitu tunachotumia kila siku kitaondolewa.

Mfano ni Signal, programu ya kutumiana meseji. Ni programu huria, maana yake maandishi yanayoiendesha yako wazi, na kila mwenye ujuzi anaweza kuyasoma na kuyabadilisha. Zamani, kwenye simu za Android, ilikuwa inapokea pia SMS za kawaida. Kazi hiyo ilianza 2010, wakati programu ilikuwa inaitwa TextSecure.

Mwezi wa kumi 2022, Signal ilitangaza kwamba itaondoa SMS, na ikaeleza sababu. SMS ya kawaida haina ulinzi: kampuni ya simu inaweza kuisoma. Tena watu walikuwa wanachanganya aina mbili za meseji. Mtu anafikiri anatumia mega, kumbe uniti ndizo zinakatwa.

Lakini haikuondoa siku ile ile. Watumiaji walipewa miezi ya kujipanga, pamoja na njia ya kuhamisha SMS zao kwenye programu nyingine.

Muda huo una maana juu ya nini? Ukilipa kwa M-Pesa ama Airtel Money, uthibitisho unakuja kwa SMS. Ndio ushahidi wako siku mwenye nyumba akikana kwamba umelipa. Aliyekuwa anapokelea SMS zake ndani ya Signal, ushahidi huo ulikuwa umehifadhiwa humo. Akifuta programu bila kuhamisha, ushahidi umekwenda.

Programu huria ina faida nyingine: kazi ikiondolewa, wengine wanaweza kuiendeleza. Mwaka 2015, TextSecure ilipoacha kutuma SMS za siri, watu walichukua maandishi yake, wakatengeneza programu iliyokuja kuitwa Silence.

Basi, onyo zuri linasema mambo matatu: nini kinaondoka, lini, na wewe ufanye nini. Likitokea kwenye simu yako, usikimbilie kubonyeza. Kama liko kwa Kifaransa ama Kiingereza na hulielewi, mwombe mtu unayemwamini akusomee. Hamisha kwanza vitu vyako, angalia kama vimefika vyote, ndipo ufute.