Una mswada? Uliza kwanza asilimia 10 ya nini

Mwalimu wa Nyakabuye, wilayani Rusizi, aliyemaliza mswada wake wa hadithi ana safari ndefu hadi Kigali, waliko wachapishaji wengi wa nchi. Kabla ya kupanda basi ajue kwamba mchapishaji si mpiga chapa. Mpiga chapa hulipwa kwa kazi ya mashine, kitabu kiuzwe kisiuzwe. Mchapishaji hugharamia uhariri, usanifu, uchapaji na usambazaji, kisha humlipa mwandishi mrabaha, mara nyingi asilimia 10. Anayekudai pesa kwanza anakuuzia huduma. Si kosa, ila aseme wazi.

Lakini asilimia 10 ya nini? Hapo ndipo wengi huumia. Tuseme kitabu kinauzwa faranga 5,000 na duka linachukua 2,000. Ukihesabiwa kwa bei ya dukani unapata 500; kwa pesa anayopokea mchapishaji, 300. Katika nakala 1,000 umepoteza faranga 200,000 kwa neno moja la mkataba.

Chagua pia mlango wa kubisha. Bakame, iliyoanzishwa mwaka 1995, inajulikana kwa vitabu vya watoto vya Kinyarwanda. Riwaya ya mapenzi usiipeleke huko. Anayeandika kwa Kiswahili, lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, aitazame Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam, ambayo imechapisha miswada iliyoshinda Tuzo ya Mabati-Cornell. Majibu huweza kuchukua miezi. Usitoe nakala yako ya pekee.