Waya Mdogo Unaosikia Mawimbi ya Nyota

Someni polepole, maana leo yako maneno machache mageni. Nitayaeleza moja moja.

Tuanze na redio. Usiku, mnapotafuta stesheni, pengine hushika stesheni mbili zilizokaribiana mno. Maneno hayasikiki vizuri, bali mnasikia mluzi: fiiii! Hakuna mtu apigaye mluzi huko stesheni. Mluzi huo umezaliwa ndani ya redio yenu. Tuseme wimbi la stesheni moja hutikisika mara 900,000 kwa sekunde moja, na la pili mara 901,000. Yakikutana, mara husaidiana, mara hupingana, na mambo hayo hurudi mara 1,000 kwa sekunde. Sikio la mtu haliwezi kusikia 900,000, lakini 1,000 hulisikia sana. Basi mluzi ule ni tofauti ya mawimbi mawili. Lishikeni neno hilo, tofauti, kwa kuwa somo lote la leo limelalia juu yake.

Mafundi waliigeuza kero hiyo kuwa faida. Ndani ya redio ya kawaida mna sehemu inayotoa wimbi lake yenyewe. Wimbi la stesheni huchanganywa na wimbi hilo la ndani, na ile tofauti ndiyo inayokuzwa hadi mkasikia taarifa ya habari. Kifaa cha kuchanganya tutakiita kichanganyaji.

Sasa tutazame juu. Katika nafasi kubwa iliyo kati ya nyota kuna gesi, na gesi hizo hutoa mawimbi. Mengi yake huhesabiwa kwa terahezi. Terahezi 1 ni mitikisiko milioni milioni kwa sekunde moja. Kila gesi ina namba zake, kama kila stesheni ilivyo na mahali pake kwenye redio. Ukiipata namba barabara, umeijua gesi. Ukiipata kwa kukisia, waweza kumwita Hamisi jina la Juma.

Hivyo ndivyo ilivyotokea. Mwaka 1925 wataalamu walifaulu kuunganisha heliamu na haidrojeni katika maabara. Atomi zikishikana hivyo, tunaita molekuli. Baadaye hesabu zilionyesha kuwa molekuli hii ndiyo ya kwanza kabisa kupata kufanyika ulimwenguni, kabla nyota yo yote haijawaka. Mwishoni mwa miaka ya 1970 wataalamu wakasema: lazima iko hata sasa, katika mawingu ya gesi yanayozunguka nyota zinazokufa. Wakaitafuta, wasiione. Fikirini uzito wa jambo hilo. Kama haipo, basi hesabu zetu za mwanzo wa ulimwengu zina kasoro.

Chombo cha Ulaya kilichoitwa ISO, kilichorushwa mwaka 1995, kilitazama wingu moja la namna hiyo, jina lake NGC 7027. Wimbi lililotafutwa lina urefu wa maikromita 149.14. Maikromita ni sehemu moja ya milioni ya mita. Lakini molekuli nyingine, ya kaboni na haidrojeni, ina wimbi la maikromita 149.09. ISO hakikuweza kuyatenga mawili hayo. Kwake yalikuwa kama kitu kimoja. Kilichohitajika ni kichanganyaji, kwa kuwa tofauti ya mawimbi hupimika kwa usahihi mkubwa kabisa. Nacho kiweze kuchanganya mawimbi ya terahezi 2. Vichanganyaji vilivyokuwa vikisifiwa sana kwa usikivu huanza kushindwa baada ya terahezi 1 na kitu.

Hapo ndipo lilipoingia neno letu geni la pili, bolometa. Mmarekani Samuel Langley aliitengeneza karibu na mwaka 1880. Kwa asili ni ukanda mwembamba wa metali unaopitishwa umeme. Mwanga ukiuangukia, ukanda hupata joto, na metali ikipata joto huuzuia umeme zaidi. Pima umeme, umejua mwanga. Uzuri wa bolometa ni kwamba haijali wimbi linatikisika mara ngapi; yenyewe hutaka joto tu.

Lakini ina ubaya wake: ni nzito kupoa. Wapishi mnalijua jambo hili. Chungu kikubwa cha maji kikishachemka hukaa na moto wake muda mrefu. Kijiko cha chai hupoa mara moja. Nayo tofauti ya mawimbi tunayoitaka huja mara maelfu ya milioni kwa sekunde. Bolometa lazima ipate joto na kupoa kila mara, bila kuchelewa. Chungu hakiwezi.

Basi wakatengeneza kijiko kidogo kupita vyote. Ni utando wa metali naiobiamu iliyochanganywa na naitrojeni, wenye unene wa nanomita 4 au 5 hivi. Chukueni unywele mmoja wa kichwani, mgawanye unene wake mara elfu kumi, mtakaribia hapo. Utando huo hupozwa kwa heliamu ya maji, mpaka karibu digrii 269 chini ya sifuri. Katika baridi ya namna hiyo metali kadha wa kadha huacha kabisa kuuzuia umeme. Ajabu hiyo iligunduliwa na Heike Kamerlingh Onnes mjini Leiden, Uholanzi, mwaka 1911.

Angalieni ufundi wake. Wimbi la ndani hupasha utando kidogo sana, kwa nguvu isiyofika hata sehemu moja ya milioni ya wati, mpaka ukae ukingoni: katikati unauzuia umeme, kando hauzuii. Kinachopata joto ni elektroni, vile vichembe vibebavyo umeme, siyo metali nzima. Elektroni zikipashwa hulitupa joto lao upesi kwenye metali na jiwe lililo chini yake. Wimbi la nyota linapoingia, mawimbi mawili husaidiana na kupingana, na ile sehemu ya moto katikati hupanuka na kusinyaa kwa kuifuata tofauti yao. Umeme hupanda na kushuka vivyo hivyo. Ni ule mluzi wa redio yenu, umerudi kwa njia ya joto.

Ilibaki shida ya mvuke. Mvuke wa maji ulio hewani hunyonya mawimbi haya kabla hayajafika chini. Kwa hiyo Marekani na Ujerumani walikifunga kipokezi kiitwacho GREAT katika ndege kubwa ya Boeing 747, iliyoitwa SOFIA, yenye darubini ya mita 2.7 na mlango uliofunguliwa angani. Iliruka kilomita 12 hadi 14 juu. Mwezi wa Mei 2016 ilielekezwa kwenye NGC 7027, na Rolf Güsten na wenzake wakaliona wimbi la heliamu na haidrojeni likiwa peke yake, limetengana na jirani yake. Walitangaza mwezi wa Aprili 2019. Tangu 1925 ilikuwa imepita miaka 94.

SOFIA iliacha kazi ya kuchunguza anga Septemba 2022. Mwaka 2023 ulipokuwa unakwisha, puto la Marekani liitwalo GUSTO lilirushwa kutoka bara la Antaktika na bolometa za namna hii, likakaa angani siku 57.

Kabla ya somo lijalo jaribuni jambo hili. Usiku mtafute stesheni mbili zilizokaribiana, msikilize mluzi, kisha mjadiliane darasani: stesheni moja ikizimwa, mluzi utabaki?