Weusi wa Penseli na Mipaka Yake

Mchoraji anayetafuta weusi mzito mara nyingi huanza kwa kuukaza mkono, ilhali weusi huo hutegemea zaidi kiini cha penseli, ambacho ni mchanganyiko wa grafiti, yaani madini laini ya kaboni, na udongo wa mfinyanzi uliochomwa tanuruni. Mfaransa Nicolas-Jacques Conté alipata hataza ya mchanganyiko huo mwaka 1795, wakati vita vilipokuwa vimeikatia nchi yake grafiti safi iliyochimbwa Borrowdale, Uingereza. Udongo ukizidi, kiini huwa kigumu na mstari wake hufifia. Grafiti ikizidi, kiini hulainika na kuacha unga mwingi karatasini.

Uwiano huo ndio unaoonyeshwa na alama zilizopigwa kwenye mti wa penseli: H ni ugumu, B ni weusi, na namba inayotangulia herufi hueleza kiasi chake, hivyo 6B ni laini na nyeusi kuliko 2B. HB, ambayo wanafunzi wengi wameizoea kwa kuweka vivuli katika fomu za majibu ya mitihani, iko katikati na haikukusudiwa kutoa giza. Hata hivyo viwango hivi havilingani kwa watengenezaji wote, kwa hiyo ni busara kuzijaribu penseli kwenye kipande cha karatasi kabla ya kuanza kazi.

Grafiti ina kasoro moja isiyoondolewa na namba yoyote. Chembe zake ni vigamba bapa, navyo vikigandamizwa hulala sambamba na kurudisha mwanga kama kioo, ndiyo maana sehemu iliyokazwa sana hung'aa na kuonekana ya kijivu inapotazamwa kwa upande. Isitoshe, mkazo huo hubonyeza vinundu vidogo vya karatasi vinavyoshika unga, na tabaka jingine likiongezwa huteleza tu. Njia iliyo salama ni kupaka matabaka mepesi kwenye karatasi yenye uso wa kukwaruza kidogo, kwanza kwa 2B, kisha 4B na 6B, na mwishoni kurudi na 2B iliyochongwa vizuri ili kuusukuma unga katika vishimo vilivyobaki vyeupe. Karatasi laini ya kutolea nakala haifai kwa kazi hii, hata penseli iwe ghali namna gani.

Kijiti cha karatasi iliyoviringwa, ambacho wengi hukikimbilia, hulainisha kivuli lakini hakikizidishii weusi; kidole ni kibaya zaidi, kwa sababu huacha mafuta yanayotia madoa.

Panapohitajika giza lisilong'aa, kama mboni ya jicho au nywele nyeusi, hutumiwa penseli ya kaboni au ya mkaa. Wapo pia watengenezaji waliopunguza mng'ao wa grafiti yenyewe, mfano Faber-Castell, ambao penseli zao za Pitt Graphite Matt hufika 14B. Kaboni itangulie kupakwa mahali hapo, kwa kuwa haishiki vizuri juu ya grafiti iliyokwisha kung'aa.

Anayeanza hahitaji kununua boksi zima la penseli kumi na mbili: HB ya kuchorea mistari, 2B, 4B, 6B na penseli moja ya kaboni zinamtosha, na fedha inayobaki ni afadhali aitumie kununulia karatasi nzuri.