Meneja wa redio ya jamii ajue nini kabla fundi hajafika

Ukitoka mji wa Kisii kuelekea Oyugis unapita soko la Nyakoe. Huko ni milimani, mvua ni nyingi na radi ni za kutisha. Redio ndogo inayotaka kusikika Nyakoe ina kazi mbili: kuvuka milima na kusalimika na radi. Msomaji wa Likoni au Lamu akiuliza hayo yatuhusu nini, nasi tuna chumvi ya bahari, ambayo hula vyuma kimyakimya. Maadui ni tofauti, lakini anayepaswa kuwajua ni yule yule, meneja wa redio.

Mara nyingi meneja huyu ni mwalimu, mwanahabari au kiongozi wa kikundi. Vipindi anavijua na watu anawajua. Mtambo ukizima, anapiga simu kwa fundi aliye mbali, kisha anangoja. Anapongoja, tangazo la mafuriko, la chanjo au la mtoto aliyepotea halimfikii mtu.

Hatumtaki awe injinia. Ajue mambo matatu tu.

La kwanza ni urefu wa antena. Mawimbi ya FM husafiri karibu kwa mstari ulionyooka. Kwenye ardhi tambarare, antena iliyo juu mita 30 huona kama kilomita 22, na iliyo juu mita 100 huona kama kilomita 40. Mlima ukisimama katikati, bonde la nyuma yake hupata sauti hafifu au hukosa kabisa. Kwa hivyo muuzaji akikwambia ununue mtambo wa wati nyingi zaidi, muulize kwanza mnara utakaa wapi. Ili nguvu ya mawimbi yanayomfikia msikilizaji iongezeke mara mbili, wati zinatakiwa ziongezeke mara nne, na bili ya stima hupanda pamoja nazo. Kilima kizuri hakina bili.

La pili ni radi. Haiingii kwa mnara pekee. Huja pia kwa waya wa stima na hata kwa waya wa simu au intaneti. Mnara, mtambo na meza ya studio vikiwa na nyaya za ethi zisizounganishwa, radi ikipiga umeme hutafuta njia kupitia vyombo vyako. Nyaya hizo zote ziunganishwe pamoja, na fundi azipime kabla ya msimu wa mvua, si baada ya hasara.

La tatu ni daftari. Mtambo huonyesha namba mbili: nguvu inayokwenda kwenye antena na nguvu inayorudi. Ziandikwe kila asubuhi. Inayorudi ikianza kupanda, huenda maji yameingia kwenye kiunganishi cha kebo, au, kwetu Pwani, kutu imeanza kazi yake. Punguza nguvu, ita fundi, msomee namba zako. Atajua abebe kifaa gani kabla hajapanda gari. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa redio ni mtambo mzima kuungua.

Hata hivyo meneja hawezi peke yake. Wafadhili hupenda kununua mitambo na kupigwa picha siku ya uzinduzi. Mshahara wa fundi haupigwi picha. Redio za eneo moja zingechanga na kumlipa fundi mmoja azizungukie kila miezi mitatu, na ziweke pamoja akiba ya kebo, viunganishi na fyuzi. Vyuo vya ufundi vina wanafunzi wanaotafuta mahali pa atachimenti. Mlango wa redio ufunguliwe kwao.

Tukumbuke tulikotoka. Homa Bay, jirani ya Kisii, ndiko redio ya kwanza ya jamii nchini ilikoanzishwa mwaka 1982 kwa msaada wa UNESCO, kwa mitambo ya bei nafuu. Serikali ikaifunga mwaka 1984. Ilichukua miaka mingi hadi zikaja nyingine, kama Mang'elete FM ya vikundi vya wanawake kule Makueni mwaka 2004. Sauti iliyopatikana kwa taabu hiyo, itakuwa aibu kuipoteza kwa sababu ya kiunganishi kilichoingia maji.