Hesabu za jua kwenye kompyuta: ni kubahatisha?

Baada ya kipindi chetu cha hali ya hewa mmoja wenu alituma meseji: "Hao wanaopiga hesabu za jua kwenye kompyuta, si wanabahatisha tu?" Swali ni la haki. Hesabu hizo zimo ndani ya utabiri wa hali ya hewa tunaokusomea, na wewe unapanda kwa kuuamini.

Tuanze na kitalu cha miche. Ukikiezeka nyasi, jua hupungua. Ukiongeza nyasi, hupungua zaidi. Gesi za angani nazo ni paa, ila kila moja ina kazi yake. Ozoni huzuia sehemu kubwa ya miale inayounguza ngozi. Mvuke wa maji hunyonya sehemu ya joto la jua. Hewa ukaa hupitisha karibu mwanga wote, lakini huzuia joto linalotoka ardhini kurudi juu.

Kompyuta huigawa anga katika matabaka, kama ghorofa. Kwa kila tabaka huingizwa kiasi cha kila gesi, kisha huhesabiwa mwanga unaopita, unaonyonywa na unaorudishwa juu. Unaobaki ndio unaofika shambani kwako. Gesi moja ikibadilika, hesabu inarudiwa.

Je, hutimia? Tarehe 15 Juni 1991, volkano ya Pinatubo nchini Ufilipino ililipuka na kurusha angani tani zipatazo milioni 15 hadi 20 za gesi ya salfa. Juu kabisa, kupita mawingu ya mvua, gesi hiyo ikageuka matone madogo mno ya asidi. Matone yakaizunguka dunia na kurudisha juu sehemu ya mwanga wa jua.

Januari 1992, James Hansen wa NASA, Marekani, pamoja na wenzake, walichapisha walichokipata kwenye kompyuta: dunia itapoa kwa takriban nusu nyuzi joto, hasa kuelekea mwisho wa mwaka huo. Vipimo vya 1992 vikaonyesha kweli imepoa kwa kiasi kama hicho. Matone yalipokwisha kushuka, joto likarudi.

Kompyuta haikujua kwamba Pinatubo ingelipuka. Ilipopewa kiasi cha gesi kilichopimwa, ndipo ilipojibu vizuri. Kwa hiyo ukisikia utabiri, uliza kwanza: wamepima nini? Pasipo vipimo, hapo ndipo kubahatisha huanza.

Una swali jingine? Tutumie meseji, tutalijibu hewani.