Kutapika safarini: jikinge kabla basi halijaondoka na meli haijang'oa nanga

Anayetoka Mugumu kwenda Arusha kwa basi hukatiza Hifadhi ya Serengeti kwenye barabara ya vumbi, hupanda Ngorongoro, kisha hushuka kona baada ya kona kuelekea Karatu. Anayekwenda Bukoba kwa meli kutoka Mwanza hulala usiku mzima juu ya maji ya Ziwa Victoria. Safari hizi ni tofauti, lakini zote zinaweza kukuchafua moyo kwa sababu moja.

Kwa nini tunatapika?

Ndani kabisa ya sikio kuna viungo vidogo vyenye majimaji. Kazi yake ni kuujulisha ubongo kwamba mwili unasogea, unainama au unayumba. Ukiwa melini huku unatazama simu, macho yanasema umetulia, lakini sikio linasema unapanda na kushuka. Ubongo ukipokea habari mbili zinazopingana, hufuata jasho baridi, mate mengi, kizunguzungu, kichefuchefu na hatimaye kutapika.

Ndiyo maana dereva hatapiki kwa urahisi. Anaiona kona kabla ya kuifikia, na mwili wake unajiandaa.

Wanaosumbuka zaidi ni watoto wa miaka 2 hadi 12, wajawazito na watu wenye kipandauso. Si uoga wala udhaifu.

Kabla ya safari

Usisafiri na njaa, wala usishibe kupita kiasi. Uji, viazi vitamu au mkate mkavu vinatosha. Epuka vyakula vya mafuta mengi, na pombe kabisa.

Kata tiketi mapema ili uchague kiti. Kwenye basi, kaa mbele, mbali na matairi ya nyuma. Kwenye meli, kaa katikati, sehemu ya chini, kwa kuwa huko chombo huyumba kidogo kuliko mbele au juu.

Ukiwa njiani

Weka simu mfukoni. Tazama mbali: barabara iliyo mbele, milima, au pale maji yanapokutana na anga. Usiku ambapo huoni kitu, lala chali, fumba macho na tuliza kichwa. Kaa mbali na harufu ya mafuta ya injini, sigara au magunia ya dagaa. Kunywa maji kidogo kidogo. Tangawizi huwasaidia baadhi ya watu.

Beba mfuko au kopo lenye kifuniko. Usitoe kichwa nje ya dirisha la basi, kwani gari linalopishana nanyi linaweza kukujeruhi. Kwenye mtumbwi au boti ndogo, usisimame wala msikimbilie upande mmoja, na usivue jaketi la kujiokolea hata unapotapika.

Kuhusu dawa

Zipo dawa za kuzuia kutapika safarini, kama promethazini na sinarizini. Humezwa kati ya nusu saa na saa mbili kabla ya kuondoka, kutegemea aina. Ukishaanza kutapika umechelewa, maana kidonge kinaweza kutoka kabla hakijafanya kazi.

Dawa hizi huleta usingizi. Dereva au mwendesha bodaboda asizitumie akiwa kazini, na zisichanganywe na pombe. Promethazini haipewi mtoto wa chini ya miaka 2, kwa sababu inaweza kuzuia pumzi yake. Usimpe mtoto dawa ili tu alale safarini. Mjamzito na mwenye ugonjwa wa kudumu waulize kwanza kwenye kituo cha afya.

Usiisingizie safari

Kichefuchefu cha safari hupungua ukishashuka, ingawa baada ya meli unaweza kuhisi ardhi inayumba kwa siku moja au mbili. Ukiendelea kutapika, ukiwa na homa, ukiumwa kichwa vikali, ukitapika damu, au upande mmoja wa mwili ukilegea, nenda hospitali mara moja. Mkoa wa Mara una malaria, na malaria nayo hutapisha. Homa inahitaji kipimo.

Mkumbuke zaidi mtoto mchanga. Watoto wa chini ya miaka 2 ni nadra kutapishwa na mwendo wa gari au meli. Akitapika mfululizo, akikataa kunyonya au akikosa mkojo, usingoje mfike mwisho wa safari. Mwombe dereva awashushe kwenye kituo cha afya kilicho karibu.